Hofu ya Msafiri na Usalama Wake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia wanadamu nchi kavu na bahari, akawapa akili ya kutengeneza vyombo vya kuwachukua wao na mizigo yao hadi miji ya mbali. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na tunamwomba msamaha. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na tunashuhudia kwamba Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu mlio hapa msikitini, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, tunakuusieni, na tunajiusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona si la mimbari, nalo ni safari zetu za kila siku, na namna tunavyoipima hatari ya gari la abiria na hatari ya gari la mtu mwenyewe.

Jambo hili tumeletewa na wazazi. Mmoja wao alikuwa na kiwanja alichorithi kwa babake, naye alitaka kukiuza anunue gari dogo lililokwisha kutumika, ili binti zake wasipande tena matatu. Akatuambia: "Shekhe, gari ya watu sina amani nayo. Yangu nitaiendesha kwa mkono wangu, na wanangu watafika skuli salama." Hatukumlaumu. Gari ni katika neema za Mungu, na mzazi anayewahofia wanawe anatimiza wajibu wake. Tulimwuliza swali moja tu: amani ya moyo na usalama wa mwili, je, ni kitu kimoja?

Alinyamaza, nasi hatukuwa na jibu lililo tayari. Ndipo tukalitafuta, maana katika Sura ya Bani Israil, aya ya 36, Mola wetu ametukataza kuyafuata tusiyoyajua, na ametujulisha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Mtu asemaye kwamba njia hii ni salama kuliko ile ametoa madai, na madai yanataka ushahidi.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, moyo una mizani yake, na mizani hiyo haipimi kama ya sokoni. Basi likipinduka likaua watu ishirini, redio hutangaza, magazeti huchapa picha, na nchi nzima huingia majonzi. Magari madogo ishirini yakiua kila moja mtu mmoja, katika barabara ishirini, ndani ya wiki moja, hapana asikiaye ila jamaa wa maiti. Waliokufa ni sawa kwa idadi, lakini habari ya basi hukaa vifuani mwaka mzima, na zile nyingine hazikai hata hadi Ijumaa ifuatayo. Tena moyo huliogopa zaidi lile lisilo mkononi mwake. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, Chauncey Starr, aliandika kwamba watu huivumilia hatari waliyoichagua wenyewe hata ikiwa kubwa kiasi cha mara elfu moja kuliko hatari waliyotwikwa na wengine. Mwaka 1987 mwenzake, Paul Slovic, akaeleza kwamba kinachotisha sana ni hatari isiyozuilika, iuayo wengi kwa mara moja, na kwamba ile tuliyoizoea hatuiogopi kwa kadiri ya madhara yake. Wataalamu hao hawakuja kukaa katika vituo vyetu vya mabasi, lakini wangekuja wasingeona tofauti.

Ushahidi mmoja wa jambo hili una huzuni. Tarehe 11 Septemba 2001 watu waovu waliteka ndege nne huko Marekani wakaziangamiza pamoja na abiria na wahudumu wake 246, mbali na zaidi ya watu elfu mbili waliouawa ardhini, wote pasipo kosa. Kwa miezi mingi baada ya siku hiyo Wamarekani wengi waliogopa kupanda ndege, wakaenda safari zao ndefu kwa magari yao wenyewe. Mtaalamu wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, alizichunguza hesabu za mwaka uliofuata, akakadiria kwamba watu wapatao 1,500 zaidi ya kawaida walikufa barabarani kwa sababu ya kubadilisha chombo. Idadi hiyo ni mara sita ya wale waliokuwamo ndani ya ndege. Wala hapana ajuaye ni akina nani hasa, kwa kuwa hesabu huonyesha idadi na haionyeshi majina. Walikikimbia kifo walichokiona katika televisheni, wakakutana na kile ambacho hapana aliyewaonyesha.

Lakini hofu si lazima izae msiba wa pili. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yaliripuliwa katika treni za mji wa Madrid, Hispania, yakaua watu zaidi ya 190. Huko nako abiria wa treni walipungua kwa muda, ila uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba magari hayakuongezeka katika barabara kuu, wala waliokufa barabarani hawakuongezeka. Waliokuwa na hofu walipunguza safari, hawakukimbilia usukani.

Kwa nini basi mkono wetu wenyewe utupe utulivu mkubwa hivi? Hapa pana ugonjwa wa nafsi, nao ni wa zamani kuliko magari. Mwaka 1981 mtaalamu wa Sweden, Ola Svenson, alichapisha majibu ya madereva waliotakiwa wajilinganishe na wenzao kwa uhodari. Katika wale wa Marekani, 93 katika kila 100 walijiweka katika nusu iliyo hodari zaidi. Katika wale wa Sweden, 69. Mtoto wa darasa la nne anajua kwamba nusu ya mia ni hamsini. Tungewauliza madereva wa Mombasa na Dar es Salaam, tunachelea kwamba jibu lingekuwa mia kwa mia, na sisi tulio juu ya mimbari tungekuwa miongoni mwao.

Nchi hiyo hiyo ya Sweden, tarehe 3 Septemba 1967, iliwahamisha watu wake kwa siku moja kutoka kuendesha upande wa kushoto hadi upande wa kulia. Wengi walitazamia maafa. Badala yake ajali zilipungua kwa muda, maana siku zile kila dereva aliushuku mkono wake mwenyewe. Walipozoea, ajali zikarejea. Hofu ile ilikuwa na manufaa kwa sababu ilielekezwa mahali pake.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Huko Marekani, kwa kila maili anayosafiri abiria, hatari ya kufa ndani ya gari dogo ni zaidi ya mara kumi ya hatari ya kufa ndani ya basi au treni. Katika nchi za Ulaya nako treni na basi huliacha mbali sana gari la mtu binafsi. Hayo ni kweli. Lakini hatutawadanganya ndugu zetu kwa kuichukua mizani ya nchi nyingine tukapimia mizigo yetu. Dereva wa basi la mji wa Ulaya hulipwa mshahara wake, awe amejaza watu au hakujaza. Dereva wa daladala na dereva wa matatu hupewa na mwenye gari hesabu ya kumpelekea kila jioni, na kinachozidi hapo ndicho chakula cha watoto wake na cha utingo wake. Basi huamka kabla ya alfajiri, hulala usiku wa manane, na baina ya hapo hushindana na mwenzake kumfikia abiria aliyesimama kituoni. Mwenye kumlaumu kijana huyu peke yake, akamwacha aliyempangia hesabu ile naye amelala nyumbani kwake, hajafanya uadilifu. Tena huenda mwenye gari huyo yumo katika safu ya mbele ya msikiti wetu leo.

Hatari hiyo, basi, haikuletwa na kule kuchangia chombo kimoja. Imeletwa na mpango ulioharibika, na mpango hurekebishika. Kenya ilipoanza mwezi Februari 2004 kuzilazimisha matatu zifungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, na kila kiti kiwe na mkanda, watu waliona kwa macho yao kwamba jambo lililoitwa haliwezekani limewezekana. Na baadaye, usimamizi ulipolegea, waliona pia lilivyorudi nyuma. Dar es Salaam ilipoanzisha mabasi ya mwendo kasi mwezi Mei 2016, yakapewa njia yao yenyewe na vituo vyao, haikuwa na haja tena dereva kumkata mwenzake kwa ajili ya abiria mmoja. Yana matatizo yake, nasi tumesongamana ndani yake kama wengine, lakini mbio za kugombea abiria si mojawapo.

Kuna upande mwingine ambao yule mzazi hakuutaja, na wengi wetu hatuutaji. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka katika barabara za dunia, kwamba hicho ndicho kinachoongoza katika kuwaua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waendao kwa miguu, wapandao baiskeli na wapandao pikipiki. Katika Kenya walikufa zaidi ya watu 4,300 mwaka huo wa 2023, na kundi lililo kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Hao hawakuwamo ndani ya matatu wala ndani ya gari dogo. Walikuwa wakivuka kwenda dukani, shambani, shuleni, msikitini. Kwa hiyo mtu akisema, "Nimenunua gari kwa usalama wa watoto wangu," yapasa kumwuliza: na mtoto wa jirani yako anayevuka barabara kwa miguu, umemnunulia nini? Kila gari tunaloliongeza barabarani lina bati la kumkinga aliye ndani, na bati hilo hilo ndilo linalomgonga aliye nje.

Jambo hili katika sheria yetu ni zito. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 92, aliyemuua muumini kwa kukosea amewekewa kafara ya kumwacha huru mtumwa muumini, na diya iwafikie jamaa wa marehemu ila wakisamehe. Na asiyepata mtumwa huyo hufunga miezi miwili mfululizo. Wanazuoni wa zama zetu hawakuliacha gari nje ya hukumu hiyo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana nchini Brunei mwezi Juni 1993, liliamua kwamba kuzifuata kanuni za barabarani zisizokwenda kinyume na sheria ni wajibu, na kwamba dereva ni mwenye dhamana ya madhara anayowafikishia watu kwa gari lake, ila pale jambo lilipotokana na nguvu asizoweza kuzizuia, au kitendo cha aliyedhurika mwenyewe, au kosa la mtu mwingine. Tumewajua watu waliolipa faini mahakamani wakarudi nyumbani wakidhani wamemaliza. Miezi miwili ya saumu, siku kwa siku, hapana aliyewakumbusha.

Huenda mmoja akasema: lakini hiyo ni ajali, na ajali ni ya Mungu. Neno hili tulitazame vizuri. Lugha yetu imelitoa katika Kiarabu, na huko ajali ni muda uliowekwa, ule ambao ukifika haucheleweshwi. Sisi tukalichukua neno la kadari tukalibandika juu ya tairi iliyokwisha, juu ya usingizi wa dereva, juu ya mtu aliyelipita lori katika kilima asikokuona mbele. Ajali ya marehemu ilifika, hilo tunaliamini. Tairi mbovu iliandikwa na nani? Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, aliamua kurudi, na Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akamjibu kwa maana ya kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari ya Mungu. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na mwenye ngamia kama amfunge au amwache akategemea, alimwelekeza kufunga kwanza, kisha ategemee. Katika magari yetu mengi kamba haijafungwa, na imeandikwa nyuma kwa rangi nzuri kwamba tunategemea.

Ndugu zetu, sasa tutawaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe, wala halitupi sifa. Tulisafiri kwa basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Tulikuwa watu watatu wa elimu, tumevaa kanzu zetu, tumekaa viti vya mbele. Baada ya kupita Mtito Andei, giza limeshaingia, dereva alianza kuyapita malori katika vilima na makona. Mara mbili taa za gari lililokuja mbele zilitujaa usoni, na mara mbili alirudi upande wake pakiwa hapana nafasi ya kupita hata mkono. Basi zima lilikuwa kimya. Sisi tulikuwa tukisoma nyiradi na kutoa shahada kwa sauti ya chini. Kila mmoja wetu alikwisha kujiandaa kufa, na hapana mmoja wetu aliyekuwa tayari kusema.

Aliyesema ni bibi mmoja aliyekaa nyuma yetu, mwenye kikapu miguuni. Alisimama akishika kiti, akaita: "Mwanangu dereva, mimi nimelipa nauli nifike. Sikulipa nife." Utingo akamwambia: "Mama, kaa kitako, gari ina dereva." Bibi akajibu: "Ina dereva, na ina watu pia." Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Kweli, mama." Kisha mwanamke mwenye mtoto, kisha watu wanne kwa pamoja, kisha basi zima. Na sisi watu wa kanzu, tunaona haya kulitaja, tulikuwa miongoni mwa wa mwisho. Dereva alilalamika kidogo, akapunguza mwendo, na hakulipita tena lori lolote kilimani hadi tulipofika.

Tulipokuwa tukitafakari aibu ile, tulipata habari ya jambo lililofanyika Kenya. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walizichagua kwa kura matatu zaidi ya elfu moja, wakabandika ndani yake vibandiko vyenye maneno na picha za kuwahimiza abiria waseme wakati dereva anapoendesha vibaya. Madereva walioviacha vibandiko mahali pake waliingizwa katika bahati nasibu, ili wasivibandue. Hawakugusa injini, wala breki, wala barabara. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011, madai ya bima ya magari yale yalipungua kwa baina ya nusu na theluthi mbili, yakilinganishwa na yale yasiyobandikwa. Walirudia katika maelfu mengine ya matatu, na matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kupungua kwa robo hadi theluthi moja. Fikirini: robo ya ajali iliondolewa na karatasi iliyowakumbusha watu kwamba wana ulimi.

Mtume wetu, katika hadithi iliyopokewa na Nu'man bin Bashir na kuwekwa katika Sahihi ya Bukhari, amewapigia umma mfano wa watu waliogawana jahazi, wengine sakafu ya juu na wengine ya chini, na wale wa chini wakataka kutoboa upande wao ili wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Wakiachwa wafanye watakavyo, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Tumeusikia mfano huu tangu tuko madrasa, na daima tuliufasiri kwa mambo makubwa ya umma. Hatukupata kudhani kwamba jahazi lenyewe ni basi la saa mbili usiku, na kwamba mwenye kutoboa ni yule kijana anayetazama simu yake huku akiendesha.

Hapa ndipo tunapoiona tofauti ambayo moyo hauioni. Katika gari la abiria usukani hauko mikononi mwetu, ndipo tukadhani hatuna lolote. Kumbe tuna watu arobaini wenye haja moja, na neno la mmoja wao latosha kuanzia. Katika gari letu usukani tunao, ndipo tukadhani tuna kila kitu. Kumbe hapana anayetukanya. Nani atamwambia mwenye gari kwamba anakwenda mbio? Mke hutaka kuhifadhi amani ya safari. Watoto wamefundishwa wasimsahihishe mkubwa. Rafiki amepewa lifti na anaona haya. Huendesha akiwa na usingizi, huendesha akiwa na hasira, na walio pembeni yake wanatazama dirishani.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu.

Khutba ya pili

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, tumesema sana juu ya hofu ipotoshayo, nasi tungefanya dhuluma tukinyamaza juu ya hofu iliyo ya haki. Mama zetu, wake zetu na binti zetu wanapoogopa gari la abiria, mara nyingi hawaogopi kupinduka. Wanaogopa mikono na ndimi za wanaume. Mwezi Novemba 2014 wanawake waliandamana katika barabara za Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na kundi la wanaume kituoni, na mwezi Desemba sheria ikarekebishwa ili kitendo hicho kiwe jinai ya peke yake. Hofu hii haiponyeki kwa kuwaonyesha hesabu za wataalamu, wala haifai kumwambia mwanamke kwamba ni dhana yake. Mtume wetu aliwataka wanaokaa njiani waipe njia haki yake, na katika haki hizo alitaja kuinamisha macho na kuzuia maudhi. Amri hiyo aliwapa waliokaa njiani. Basi kijana Mwislamu aonaye utingo akimshika binti wa watu mkono kwa nguvu, naye akageuza uso, asiseme kwamba amejiepusha na fitina.

Na kuhusu wageni tunaowahofia kwa kuwa hatuwajui, tukumbuke lililotokea tarehe 21 Desemba 2015. Basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak na watu wenye silaha, waliowataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa mitandio wenzao wa Kikristo wajifunike, na abiria wakawaambia wavamizi wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi, na alifariki kwa majeraha yake mwezi Januari 2016. Waliokuwa wamekaa jirani naye siku ile walikuwa watu asiowajua, wakiunganishwa na tiketi tu. Hatujui mfano mwingine wa karibu zaidi unaoonyesha kwamba mtu wa kiti cha pili huenda akawa ndiye kinga yako.

Mtatuuliza habari za yule mzazi na kiwanja chake. Hatukumwambia anunue, wala hatukumwambia asinunue. Mali ni yake na wana ni wake. Tulimweleza haya tuliyowaeleza, kisha tukamwomba akinunua awape binti zake ruhusa, tangu siku ya kwanza, ya kumwambia "Baba, punguza," na asiwakemee. Akasema hilo ni gumu kuliko kuuza kiwanja. Wiki iliyopita alikuja na binti yake mkubwa, wamekuja kwa matatu, naye kiwanja bado anacho. Binti akatuambia kwamba babake alimkanya dereva njiani, tena kwa adabu, na watu wakamuunga mkono. Mzee akacheka, akasema kwamba anajifunza kwanza kusema, atajifunza kusikia baadaye.

Ewe Mola wetu, wahifadhi wasafiri wote walio barabarani saa hii, wa nchi kavu na wa baharini. Wape madereva wetu macho yasiyochoka na riziki isiyowalazimisha kukimbia. Watie wenye magari huruma kwa wanaowafanyia kazi. Walinde watoto wavukao barabara, uwarejeshe kwa mama zao. Wasamehe waliokufa safarini, uwape subira walioachwa, na utupe ulimi wa kusema pale tunaponyamaza. Ewe Mola wetu, zipokee dua zetu, na umrehemu Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.

Na sala ikimiwe.